Fedha za China: Hasara Ikitokea, Nani Huibeba?

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu fedha za China katika nchi zinazoendelea umekuwa wa kambi mbili. Kambi ya kwanza hutazama barabara, madaraja na viwanja vya michezo, ikamshukuru rafiki aliyeleta greda wakati wengine wakileta masharti. Ya pili hutazama madeni, migodi na mikataba ambayo mwananchi hajawahi kuiona, ikasema ukoloni umerudi kwa mlango wa nyuma. Kila kambi ina ushahidi wake, na ndiyo maana hakuna iliyowahi kuishinda nyingine. Swali ambalo zote mbili hulipita mbio ni hili: mradi ukienda kombo, hasara inamwangukia nani?

Jibu hutegemea fedha zimeingiaje, na huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni mkopo. Benki ya serikali ya China, mara nyingi Exim, huikopesha serikali, na serikali hiyo hulipa hata kama mradi hauingizi kitu. Ya pili ni ukandarasi. Kampuni ya China hupata kazi, hujenga, hulipwa na kuondoka, na fedha zenyewe huenda zikatoka Beijing, Benki ya Dunia au hazina ya nchi husika. Daraja la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limejengwa na kampuni za China kwa fedha za serikali ya Tanzania. Ya tatu ni mtaji. Kampuni hununua mgodi au hujenga kiwanda kwa fedha zake, na biashara ikifa, hasara ni yake.

Jukwaani zote tatu hujumlishwa na kuitwa uwekezaji, lakini uzito wake haulingani hata kidogo. Kwa hesabu za watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, kati ya mwaka 2000 na 2022 wakopeshaji wa China waliahidi serikali na taasisi za Afrika mikopo ya takriban dola bilioni 170. Mtaji wa kampuni za China uliokuwa umewekezwa moja kwa moja barani mwishoni mwa kipindi hicho ulikuwa takriban dola bilioni 40, chini ya ule wa Uingereza au Ufaransa. China ambayo Afrika imeijua kwa miongo miwili ni mkopeshaji na mjenzi kwanza, mwekezaji baadaye.

Kutoka mkopo usio na riba hadi riba ya soko

Mwanzoni mambo yalikuwa tofauti. Zambia ilipozibiwa njia ya shaba yake na serikali ya walowezi wa Rhodesia baada ya mwaka 1965, wakopeshaji wa Magharibi walisema reli ya kwenda Dar es Salaam haitajilipa. China, ambayo wakati huo nayo ilikuwa nchi maskini, ilisaini makubaliano na Tanzania na Zambia mwaka 1967. Reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikajengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo, na makaburi yao yako Gongo la Mboto hadi leo. Kilichopimwa pale ni ukombozi wa kusini mwa Afrika na nafasi ya China duniani. Faida ya fedha haikuwa kipimo.

Reli ya Mombasa–Nairobi ilipimwa kwa mizani nyingine. Mwaka 2014 Kenya ilisaini na Exim mikopo miwili ya jumla ya dola bilioni 3.2 hivi. Nusu moja ilikuwa ya masharti nafuu, kwa riba ya asilimia 2. Nusu ya pili ilikuwa ya kibiashara, riba yake ikifuata ile ya soko la London na kuongezewa asilimia 3.6, kwa miaka 15. Mkandarasi, China Road and Bridge Corporation, hakushindanishwa na yeyote kwa zabuni ya wazi. Treni ya abiria ilianza kazi siku ya mkesha wa Madaraka mwaka 2017, na abiria waliipenda. Safari ya kilomita 472 iliyokuwa ya usiku kucha kwenye basi ikawa ya saa tano hivi.

Lakini abiria hawalipi deni la dola bilioni tatu. Deni la namna hiyo hulipwa na makontena, na makontena hayakuja kwa hiari, kwa sababu kwa mfanyabiashara mwenye bohari Industrial Area, Nairobi, lori lilikuwa likimfikishia mzigo hadi mlangoni. Mamlaka ya Bandari ilikuwa imejifunga kwa mkataba kuipatia reli kiasi maalumu cha shehena. Mwaka 2019 ikaja amri: mizigo ya Nairobi na ya nchi jirani ipande treni. Mombasa iliandamana. Mawakala wa forodha walihamishiwa kazi yao Embakasi, na katika miji ya njiani kama Mariakani, Voi na Mtito Andei, waliokuwa wakiishi kwa malori, yaani mama wa hoteli, fundi wa tairi na mwenye gesti, walianza kuhesabu magari yaliyobaki. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani.

Wakati huohuo bidhaa zinazoingia Kenya zilikuwa zikitozwa tozo ya maendeleo ya reli tangu 2013, na tozo hiyo huishia kwenye bei ya sukari na vipuri. Riba za dola zilipopanda duniani mwaka 2022, mkopo wa kibiashara ulipanda nazo. Shilingi ilipoanguka hadi takriban 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, kila rejesho likawa zito zaidi kwa sababu reli hukusanya nauli kwa shilingi. Mwaka 2025 Kenya ilibadilisha mikopo hiyo kutoka dola kwenda yuan ili kupunguza riba. Mkandarasi alikuwa amelipwa zamani, na mkopeshaji alikuwa analipwa. Waliobeba hatari ya mradi tangu siku ya kwanza ni mlipa kodi na mnunuzi wa dukani, na hakuna aliyewauliza.

Hadithi ya bandari na ukweli wake

Wakenya wengi waliogopa kwamba Bandari ya Mombasa ingetwaliwa. Hofu hiyo ilitokana na Hambantota, bandari ya Sri Lanka ambayo mwaka 2017 ilikodishwa kwa miaka 99 kwa China Merchants, kampuni ya serikali ya China. Duniani kote kisa hicho kilisimuliwa kwamba China ilinyang'anya bandari baada ya kushindwa kulipwa. Haikuwa hivyo. Dola bilioni 1.12 zilizotolewa hazikufuta mikopo ya bandari. Ziliingia katika akiba ya fedha za kigeni ya nchi iliyokuwa imeelemewa na madeni mengi, hasa hatifungani zilizouzwa katika masoko ya Magharibi. Sri Lanka iliendelea kudaiwa na China, na mwaka 2022 ikashindwa kulipa wadai wake wa nje.

Hatari halisi ya mikopo ya China haina msisimko wa bandari kutekwa, lakini inauma vilevile: ni usiri. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya AidData na wenzao walichambua mikataba 100 ya mikopo ya China kwa nchi 24. Wakakuta kwamba kila mkataba waliouona wa kuanzia 2014 una kifungu cha kutunza siri, na kwamba mingi inamzuia mkopaji kuliweka deni hilo katika mazungumzo ya pamoja na wadai wengine.

Zambia ililipia usiri huo. Novemba 2020, ikiwa na rejesho la hatifungani la dola milioni 42.5 ililoshindwa kulimudu, iliomba muda. Wenye hatifungani walikataa, sababu yao mojawapo ikiwa kwamba hawakujua Wachina wanadai kiasi gani na watalipwa vipi. Nchi ikawa imeshindwa rasmi kulipa deni. Ilichukua hadi Juni 2023 kwa serikali zinazoidai, China ikiwa kubwa kuliko zote, kukubaliana kupanga upya dola bilioni 6.3. Kwa karibu miaka mitatu hospitali na shule za Zambia zilisubiri wadai waaminiane. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lilikuwepo, ila mwenye nyumba alikuwa ameahidi kutolifungua.

Kolwezi: shaba kwa barabara

Kongo ilijaribu njia ambayo ilionekana kumaliza tatizo la riba. Mwaka 2008 serikali ya Joseph Kabila ilikubaliana na kampuni za China mpango wa kubadilishana: madini kwa miundombinu. Ikaundwa Sicomines karibu na Kolwezi, Wachina wakishika hisa asilimia 68 na Gécamines ya serikali asilimia 32. Mpango wa dola bilioni 9 ulipunguzwa hadi 6 baada ya Shirika la Fedha la Kimataifa kupinga dhamana ya serikali: nusu ya mgodi, nusu ya barabara, hospitali na kazi nyingine za umma, zote zilipwe kwa faida ya shaba na kobalti.

Kwenye karatasi hatari ilikuwa imegawanywa vizuri. Kasoro ilikuwa kwenye bei na kwenye kalenda. Thamani ya madini ilikadiriwa kabla hayajapimwa sawasawa, na hakuna kilichoulazimisha ubia kutoa fedha za barabara kwa kasi ile iliyochimbwa shaba. Mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Kongo ulitangaza kwamba miundombinu iliyopatikana kwa miaka yote hiyo ilikuwa na thamani ya dola milioni 822 tu. Kinshasa ikarudi mezani. Machi 2024 mkataba ulirekebishwa: hadi dola bilioni 7 za miundombinu, takriban milioni 324 kwa mwaka hadi 2040, mradi bei ya shaba isishuke chini ya kiwango kilichowekwa. Mgawanyo wa hisa haukuguswa.

Huo haukuwa ushindi pekee wa Kongo. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2022, mgodi wa Tenke Fungurume wa kampuni ya China CMOC ulizuiwa kusafirisha madini kwa miezi kadhaa katika mgogoro kuhusu akiba ya madini ambayo Gécamines ilisema haikutangazwa kikamilifu. CMOC ilikubali kulipa dola milioni 800. Februari 2025 Kongo, inayotoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, ilisimamisha usafirishaji wake wote, na Oktoba ikaanza kuugawa kwa mgao. Anayesema nchi za Kiafrika hazina nguvu mbele ya China na atazame matukio haya matatu. Nguvu ipo. Ila Kongo iliitumia miaka 15 baada ya mkataba wa kwanza, na wachimbaji wadogo wa Kolwezi, waliohamishwa kutoka mashimo waliyoyategemea, hawakurudishiwa kitu katika hesabu hiyo.

Chambishi, mji mmoja na sura tatu

Mtaji wa kweli una tabia tofauti na mkopo, na hakuna mahali pa kuisoma tabia hiyo vizuri zaidi ya Chambishi, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia. Mwaka 1998, shaba ikiwa haina soko na serikali ikiuza migodi yake, kampuni ya serikali ya China ya madini yasiyo ya chuma ilinunua mgodi huo uliokuwa umefungwa, kwa dola milioni 20.

Sura ya kwanza ni ya 2005. Kiwanda cha baruti kilichofungamana na mgodi kililipuka na kuua wafanyakazi zaidi ya 40, wengi wao vijana vibarua. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa kiasi kwamba Rais Hu Jintao alipozuru Zambia mwaka 2007 hakufika Chambishi kuzindua eneo la viwanda la China lililoanzishwa hapo.

Sura ya pili ni ya 2008. Bei ya shaba ilianguka na wamiliki wengine, wenye wanahisa wanaotaka gawio kila mwaka, walifukuza maelfu ya wachimbaji. Mgodi wa Luanshya ulifungwa kabisa. Chambishi haikupunguza mtu, na mwaka uliofuata Wachina haohao waliinunua Luanshya na kuwarudisha watu kazini. Mwanasosholojia Ching Kwan Lee, aliyeitafiti migodi ya Zambia kwa miaka kadhaa, ameeleza sababu: mtaji wa serikali ya China ulitaka shaba yenyewe na uhusiano na Lusaka, si faida ya robo mwaka tu. Ulilipa mishahara midogo kuliko wengine, lakini ulivumilia.

Sura ya tatu ni ya 18 Februari 2025. Bwawa la topesumu la kampuni ya Sino-Metals, ya familia hiyohiyo ya kampuni, lilipasuka na kumwaga tindikali kwenye vijito vinavyoingia mto Kafue. Samaki walielea wamekufa, mazao ya kando ya mto yaliungua, na Kitwe ikakatiwa maji ya bomba.

Sura zote tatu ni za kweli kwa pamoja. Mtaji huo ulibeba hasara ya soko vizuri kuliko wengine, lakini hasara ya usalama na ya mazingira ikawaangukia wafanyakazi na wakulima. Soko lilikuwa mikononi mwa mwenye kampuni. Usalama wa baruti na uimara wa bwawa vilihitaji mkaguzi wa serikali ya Zambia mwenye mamlaka ya kufunga kazi, na mkaguzi huyo ama hakuwepo au hakusikilizwa.

Vigae, nikeli na kilichobaki

Pale ambapo mtaji umekuja kutengeneza bidhaa, sura ni njema zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 2010, mtu aliyekuwa akimalizia nyumba Kibaha au Kitengela mara nyingi alinunua vigae vilivyovuka bahari. Mwaka 2016 kampuni ya China ilifungua kiwanda cha vigae vya Twyford Kajiado, na 2017 kingine Chalinze, vikitumia udongo wa palepale. Mkuranga, kiwanda kingine cha Wachina cha vigae kinachoma udongo kwa gesi ya bomba la Mtwara. Bomba hilo lilijengwa kwa mkopo wa Exim wa dola bilioni 1.2 na kukamilika 2015, na kwa miaka kadhaa lilipitisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake huku mkopo ukidaiwa wote. Kila kiwanda kinachojiunganisha humpunguzia Mtanzania sehemu ya mzigo huo. Mkopo wa miundombinu hupata maana pale tu mtaji unapoufuata, na mpangaji anayeutia saini mkopo bila kujua nani atalitumia bomba hukopa kwa kubahatisha.

Indonesia ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia Januari 2020 ilipiga marufuku kusafirisha nikeli ghafi. Kampuni za China, zikiongozwa na Tsingshan, zilizokuwa tayari na vinu vya kuyeyusha Morowali, kisiwani Sulawesi, ziliongeza vingine, na mauzo ya nje ya bidhaa za nikeli yakapanda kutoka dola bilioni chache hadi zaidi ya bilioni 30 mwaka 2022. Bei yake nayo ionekane: vinu huendeshwa kwa makaa ya mawe, sehemu kubwa ya uwezo wa kuyeyusha inamilikiwa na Wachina, na Desemba 2023 moto katika kinu kimoja uliua watu 21. Indonesia ilipata kiwanda kwa sababu ilifunga mlango wa mali ghafi na kuusimamia ufungaji huo. Haikupata usalama wa wafanyakazi, kwa sababu huo haukudaiwa kwa ukali uleule.

Kuhusu ajira, dai kwamba Wachina huleta watu wao wote halisimami tena. Uchunguzi wa McKinsey wa 2017 katika kampuni zaidi ya 1,000 za China, nchi nane za Afrika, ulikuta asilimia 89 ya wafanyakazi ni Waafrika. Lakini kati ya mameneja walikuwa asilimia 44 tu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua ujuzi unabaki kwa nani. Malalamiko makali zaidi yametoka sokoni. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa akienda Guangzhou kununua mzigo alijikuta anashindana na aliyemuuzia, sasa akiwa na duka mtaa uleule. Julai 2025 Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo rejareja, saluni, ufundi wa simu na ununuzi wa mazao shambani. Agizo hilo lina haki ndani yake, lakini halitoshi: mwenye mtaji mkubwa ahimizwe kujenga kiwanda, naye machinga aachiwe rejareja.

Zama zinabadilika

Wakati wa mikopo mikubwa umepita. Mikopo ya China kwa Afrika, iliyozidi dola bilioni 28 mwaka 2016, ilishuka chini ya bilioni 1 mwaka 2022, na ingawa imepanda kidogo tangu hapo, haijakaribia kilele chake. Kinachokuja ni mtaji na ubia. TAZARA yenyewe ni kielelezo: Septemba 2025 kampuni ya ujenzi ya China, CCECC, ilisaini kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa takriban dola bilioni 1.4. Safari hii treni zisipopata mzigo, mwendeshaji ndiye wa kwanza kuumia. Na upande wa Atlantiki, Marekani na Ulaya zinasukuma ushoroba wa reli wa Lobito, Angola, kugombea shaba ileile. Zambia na Kongo hazijawahi kuwa na wanunuzi wawili wanaozibembeleza kiasi hiki.

Nafasi hii isipotumiwa, lawama haitakuwa ya Beijing. China imekuwa wazi tangu mwanzo kwamba inatafuta maslahi yake, na hakuna nchi iliyowahi kukua kwa kumtegemea mgeni aitunzie maslahi. Serikali zetu zina mambo manne ya kufanya, na hakuna hata moja linalohitaji ruhusa ya mtu wa nje. Mkataba wa deni la umma uwekwe mbele ya Bunge na mbele ya wananchi kabla ya kusainiwa, na mkopeshaji anayetaka siri akatafute mkopaji mwingine. Mkopo wa dola usichukuliwe kwa mradi unaokusanya shilingi, isipokuwa wataalamu wa hazina wameonyesha hadharani nani atalipa sarafu ikianguka. Mkataba wa madini uwe na kifungu cha kupitiwa upya kila bei inapobadilika sana, ili nchi isingoje miaka 15 na mgogoro. Na wakaguzi wa migodi, mabwawa na viwanda walipwe, walindwe na wapewe mamlaka ya kusimamisha kazi, bila kujali bendera iliyo juu ya geti.

Reli, bomba na mgodi vinaweza kuwa baraka au mzigo kwa vizazi viwili, na tofauti huandikwa siku ya kusaini, katika vifungu vinavyosema nani atalipa mambo yakiharibika. Mpaka sasa mara nyingi mno ameandikwa mwananchi asiyekuwepo chumbani. Serikali inayomkaribisha mwekezaji ina wajibu wa kumwandika hapo kwanza mwenye mradi.